Mke Mwenza wa Gundi

Mtaani kwao, ungeweza kumpelekea Mama Pasi nguo chafu. Ungeweza pia kumpelekea maneno machafu, akakujibu, mkacheka, mkaachana salama. Lakini ukimletea vyote viwili siku moja, imekula kwako. Karani mmoja wa ofisi ya maji, mtu wa kujipiga kifua, aliwahi kumwambia mbele ya wateja wengine kwamba siku hizi kola zake zinalala kabla ya saa nne. Mama Pasi aliomba radhi kwa sauti laini, akapokea mfuko wa nguo. Akatia wanga kwenye kola kama alivyoombwa, kisha akatia wanga kwenye kaptula zote za ndani za yule bwana, akazipiga pasi mpaka zikasimama zenyewe mezani. Karani alishinda siku nzima ofisini akitembea miguu imetanuka, na habari ya kola hakuigusa tena.

Basi ndiye huyo. Mwanamke mfupi mwenye mikono minene, dobi tangu ujanani. Ukimsalimia anakushika mkono, halafu macho yake yanateremka kwenye mikunjo ya shati lako, anaguna. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa kiwanda: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi ya umeme na nyingine ya mkaa ya kungojea umeme ukatike, beseni la wanga, kopo la buluu ya kufulia, na kopo jingine la boraksi, ule unga mweupe ambao madobi wa zamani huutia kidogo kwenye wanga ili kola ing'ae chini ya pasi.

Alikuwa na falsafa yake kuhusu ugumu. Mteja akitaka kola ngumu, usimpe ugumu wote kwa mpigo, maana atarudi kesho na shingo imechubuka, anafoka. Mwongezee kidogo kila akileta shati. Shingo inazoea, yeye hana habari, mpaka siku moja anajitazama kwenye kioo anajiona mheshimiwa. "Mteja hatakiwi kujua anafanywa mheshimiwa," alikuwa akisema, na hapo anacheka hadi anakaa chini.

Mume wake alikuwa kinyozi. Si kinyozi wa mashine tu, la hasha, kinyozi wa wembe wa kukunja, wale wanaokulaza kichwa nyuma, wakakupaka povu, wakakupitisha chuma shingoni na wewe ukasinzia. Duka lake lilikuwa na kiti kimoja cha chuma na ngozi nyekundu, kizito, cha kuzunguka, na kiti hicho alikipenda kuliko ndugu zake wengi. Kasoro yake moja: alikuwa mtu wa kupatana. Alipatana bei ya nyanya, sawa, nani hapatani? Lakini huyu alipatana na daktari. Akiambiwa ameze vidonge asubuhi na jioni, anasema, "Daktari, tufanye asubuhi tu, na jioni nitakunywa maji mengi."

Siku taa ya dukani ilipoungua, alipanda juu ya kiti chake cha kuzunguka ili abadilishe balbu. Kinyozi mzima, aliyekizungusha kiti kile maisha yake yote, akakipanda kwa miguu miwili akanyoosha mikono juu. Kiti kikafanya kazi yake. Alianguka kwa mkono wa kulia, mfupa wa kifundo ukavunjika, akafungwa plasta nyeupe kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko.

Mdogo wake akashika duka kwa muda. Hakuwa mtu mbaya mdogo mtu huyu, tuseme ukweli. Alikuwa hodari wa mashine, wateja vijana walimpenda. Lakini wiki baada ya wiki alileta kioo chake, akaleta redio yake, akabadilisha taulo, na plasta ilipofunguliwa na mkono ukaonekana umekonda na vidole havikunjiki, akamjia kaka yake kwa heshima zote.

"Kaka, mimi siwezi kukaa mguu ndani mguu nje," alisema. "Tungoje mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mkono ukirudi, nakurudishia kiti chako, nakwenda zangu. Usiporudi, niachie moja kwa moja, nijue moja."

Kinyozi alikubali shingo upande. Usiku huo hakula, na Mama Pasi hakumtania. Alijua vizuri kwamba mume wake bila kile kiti atakuwa mtu wa kukaa barazani akihesabu wapita njia, na mtu wa namna hiyo hazeeki, anakauka tu.

Hospitali wakapelekwa kwa dada wa mazoezi ya viungo, binti mchangamfu mwenye chumba kidogo kilichojaa mipira na kamba za kuvuta. Alitoa kwenye mkebe donge laini la rangi ya njano, akamwekea Kinyozi kiganjani, akamwambia aminye. Kinyozi akaminya, akatoka jasho, donge halikushtuka. Alipojaribu na kujaribu, akachoka, akaegemea ukuta, na kwa kuwa maumivu yalimnyima usingizi siku nyingi, akasinzia palepale mdomo wazi.

"Donge hili ndilo pekee tulilobaki nalo, mama," dada wa mazoezi alimwambia Mama Pasi. "Siwezi kukupa. Lakini mnaweza kutengeneza nyumbani. Gundi nyeupe ya mbao, maji, na boraksi kidogo. Boraksi unaijua?"

"Mwanangu, mimi dobi."

"Basi kazi imekwisha." Binti akavuta kiti karibu. "Gundi ile ni nyuzi, mama. Nyuzi ndefu mno, lakini nyembamba hata macho hayazioni. Ndani ya chupa zinateleza moja juu ya nyingine, ndiyo maana gundi inamiminika. Ukitia maji ya boraksi, boraksi inazifunga hapa na pale, kama vifundo. Gundi inakosa pa kutelezea, inakuwa donge. Lakini vifundo vyenyewe si vya kudumu, vinafunguka na kujifunga upya muda wote. Tazama."

Akalivuta donge la njano polepole. Likarefuka, likarefuka, likawa kamba, likaanza kuning'inia. Akalikusanya tena, kisha akalivuta kwa ghafla. Pwa! Likakatika vipande viwili kama limekatwa kwa kisu.

"Ukivuta taratibu, vifundo vinapata nafasi ya kufunguka na kujifunga mbele kidogo. Ukikurupuka, vinakosa muda, panakatika."

Mama Pasi alilichukua akalivuta taratibu, akalikurupusha, akalivingirisha mpira akaudundisha sakafuni, mpira ukaruka ukampiga Kinyozi paja, na Kinyozi akaendelea kukoroma. Mama Pasi alifurahi, si mchezo.

"Na nikizidisha boraksi?"

"Vifundo vinazidi, linakuwa gumu zaidi. Na ndivyo tunavyotaka. Mkono ukianza kupata nguvu, unaongeza kidogo, ukizoea unaongeza tena. Likibaki laini vilevile, mkono utastarehe tu, hautapona. Ila msizidishe, vidole visije vikavimba. Na likishika nguo, tieni siki, siki inafungua vifundo, donge linarudi uji. Mnawe mikono kila mkimaliza, na lisiingie mdomoni."

Mama Pasi akamtazama mume wake aliyelala udenda ukimtoka. "Kuongeza huko," aliuliza polepole, "ni lazima mgonjwa mwenyewe ajue?"

Dada wa mazoezi akacheka, akidhani ni utani. "Mama, mradi aminye!"

Maskini binti yule, hakujua anamjibu nani.

Walitengeneza jikoni siku hiyohiyo. Kinyozi alitaka kusimamia, maana mwanamume akivunjika mkono mdomo unapona kwanza. Akamimina maji ya boraksi yote kwa mara moja kabla hajazuiwa, na gundi ikagandamana vipande vipande ndani ya maji, haikufaa kwa lolote. Mama Pasi akamfukuza jikoni. Akaanza upya: gundi, maji kiasi, tone la buluu ya kufulia kwa ajili ya urembo, halafu maji ya boraksi kidogo kidogo huku akikoroga. Kwanza ikawa uji. Kisha ikawa kamasi, tena kamasi za mtoto mwenye mafua makali, ikashika mwiko na vidole na ukingo wa bakuli. Hakukata tamaa, akaendelea kukanda, na mara ikaachia bakuli yenyewe, ikakusanyika mkononi mwake, laini, ya buluu, baridi.

"Mume wangu," aliita, "njoo umwone mke mwenzangu."

Jina likashika. Kinyozi alishinda na lile donge asubuhi mpaka jioni, akilikamua, akilifinya kwa kidole gumba, akilivuta kwa vidole viwili viwili kama alivyofundishwa. Mama Pasi akipita na nguo mabegani anasema, "Haya, endeleeni, mimi nimezoea kuachwa." Kinyozi naye anajibu, "Huyu hana maneno mengi, ndiyo maana nampenda." Vidole vikaanza kukunjika. Baada ya siku kadhaa akasema, "Naona leo amelegea kidogo," uso ukamng'aa.

Hapo ndipo Mama Pasi alipoanza mambo yake.

Alimjua mume wake. Akimwambia, "Limekuwa jepesi, nalitia ugumu," mzee angekaa mkao wa sokoni: tuongeze kesho, tuongeze nusu, leo tupumzike. Wangepatana mpaka mwisho wa mwezi ufike na mkono bado unapapasa. Basi kila asubuhi Kinyozi akiingia bafuni, yeye anachovya vidole kwenye maji ya boraksi, anamkanda mke mwenza mara mbili tatu, anamrudisha kwenye kopo, anarudi mezani kupiga pasi huku anaimba. Kidogo tu. Kiasi cha kola. Mzee anatoka bafuni, anashika donge, anakuta ni kazi ileile ya jana.

Dada wa mazoezi alikuwa amekataza mkono ule usinyanyue mizigo wala kukamua nguo, na Kinyozi, kwa woga wake, akaukatalia kila kitu. Chai kwa mkono wa kushoto, mlango kwa kushoto, salamu kwa kushoto. Mkono wa kulia alimwachia mke mwenza peke yake. Kwa hiyo kipimo chake kikawa kimoja, na kipimo hicho kilikuwa mikononi mwa mke wake mtundu.

Siku moja mdogo mtu alikuja kumjulia hali kaka yake, amevaa suruali mpya ya kijivu. Akakaa kwenye kochi bila kutazama. Alipoinuka, kochi likataka kuinuka naye. Mke mwenza alikuwa ameachwa pale kwenye mto, akapata joto, akatulia, akatambaa taratibu kwenye kitambaa kama ilivyo tabia yake, na sasa alimshika shemeji makalioni.

"Shemeji, usikurupuke!" Mama Pasi alipiga kelele, lakini mwenzake alikuwa keshakurupuka. Pwa! Nusu ikabaki kwenye kochi, nusu ikaondoka na suruali.

"Ni nini hiki, shemeji?"

"Ni mke wa kaka yako. Vua suruali."

Alikaa amejifunga shuka, kakunja uso, huku Mama Pasi akimimina siki kwenye kitambaa. Donge likalegea, likawa majimaji, likafutika kwa maji ya sabuni; nusu iliyobaki kwenye kochi akaibandua taratibu, akairudisha kwenye kopo. Kinyozi alicheka sana siku ile, akapigapiga paja kwa mkono wa kushoto. Mama Pasi alikumbuka baadaye kwamba kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa muda mrefu.

Maana ujanja wake ulikuwa na shimo ambalo hakuliona. Kwenye kola, mteja anajitazama kiooni akaona mheshimiwa. Kinyozi hakuwa na kioo. Kila siku aliminya, kila siku alikuta ugumu uleule, na kila siku alisema neno lilelile: "Bado." Mwanzoni alilisema kwa hasira. Kisha akalisema kwa uchovu. Kisha akaacha kulisema, akawa anaminya tu huku macho yako ukutani, na chakula chake kinapoa.

Mama Pasi aliona, na roho ilimuuma. Lakini aliona na jambo jingine. Asubuhi moja alipolichukua donge alikande, vidole vyake viligoma. Vidole vya dobi, vilivyokamua mablanketi mvua na jua, vilizama kidogo tu vikakwama. Na juu ya donge lile zilikuwapo alama za vidole vya mume wake, zimezama hadi karibu zikutane. Akasimama pale na kopo mkononi, moyo ukimwenda mbio kwa furaha. "Mzee wangu ana mkono wa fundi chuma," alinong'ona, "na mwenyewe hajui!" Akaamua atamwambia mwisho wa wiki, amshangaze. Akatia tena boraksi kidogo. Hana dogo, mwanamke yule.

Hakungoja mwisho wa wiki. Jioni ileile alimkuta mume wake chumbani anaufunga wembe wake wa kukunja kwenye kitambaa safi.

"Unaenda wapi na wembe?"

"Nampa mdogo wangu. Sina haja ya kungoja mwisho wa mwezi, nimemwita dukani kesho asubuhi. Nampa na kiti." Hakuinua uso. "Donge liko vilevile, mama. Tangu tulipoanza mpaka leo, liko vilevile. Mkono huu umekufa, ni wa kuvalia shati tu."

Mama Pasi alitoka, akaenda kwenye meza ya pasi, akachukua chupa ya siki. Ingetosha kumwagia kidogo. Vifundo vifunguke, donge lilegee, mzee aliminye, aruke kwa furaha, kesho asiende dukani. Alifungua kifuniko. Harufu ya siki ikampanda puani, na akamwona mume wake akifurahia kitu cha uongo, halafu siku ya pili akiuliza mbona jana na mbona leo, na yeye akitunga jingine la kufunika lile. Akafunga chupa. Kwa mara ya kwanza tangu alipojua kutembea, Mama Pasi aliamua kusema ukweli mtupu bila kuupamba.

Alirudi chumbani akakaa kitandani, akaeleza yote. Boraksi, bafu, kila asubuhi. Kwamba donge la leo si donge la jana. Kwamba yeye mwenyewe haliwezi.

Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, tabasamu la huzuni lililomkata Mama Pasi maini.

"Umeanza," alisema. "Asante. Najua unanifariji."

"Haki ya Mungu, nakuambia kweli!"

"Uliapa hivyohivyo uliposema kioo cha dukani kinanenepesha watu. Nikakaa mwaka mzima najiona mwembamba. Uliapa hivyohivyo uliponitia wanga kwenye leso yangu, nikafuta pua mbele ya watu ikanikwaruza, ukasema ni vitambaa vya siku hizi."

"Basi minya mkono wangu. Minya sasa hivi, utajua."

"Nimechoka kupimwa, mke wangu." Akaweka wembe uliofungwa juu ya kabati. "Kila siku napimwa na kila siku naanguka. Niache."

Mama Pasi akaanza kulia, kilio cha kweli, cha kwikwi. Mume wake akampigapiga bega kwa mkono wa kushoto, akamwambia, "Hata machozi unayajua, wewe mwanamke," akalala akamgeuzia mgongo. Na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Maisha yake yote alikuwa akicheza na maneno, na leo alipokuwa na neno moja la maana, hapakuwa na mtu wa kulipokea.

Asubuhi walikwenda dukani pamoja, yeye nyuma. Mdogo mtu alikuwa ameshafagia. Alikuwa na aibu usoni, na pia alikuwa na kitambaa kipya cha kufunika kiti, amekikunja chini ya kwapa akidhani hakionekani. Kinyozi alizunguka kiti chake mara moja, akagusa ngozi ile nyekundu, akatoa wembe mfukoni akauweka kwenye meza ya kioo.

"Kuanzia leo ni chako," alisema. "Kitie mafuta chini, kisilie. Na usikipande."

"Kaka, sijui niseme nini. Nitakitunza." Mdogo mtu akanyoosha mkono.

Kinyozi alianza kunyoosha wa kushoto, kama alivyozoea, kisha akaurudisha. "Hapana," alisema. "Hili ni jambo la mkono wa kulia, hata kama umekufa." Akaupokea mkono wa mdogo wake kwa ule wa kulia, na kwa kuwa uchungu ulimjaa, na kwa kuwa mkono ule ulijua namna moja tu ya kushika kitu, akaminya kama alivyomminya mke mwenza wiki zote zile.

"Kaka," alisema mdogo mtu.

Kinyozi alikuwa anatazama kiti.

"Kaka! Kaka, vidole! Uwiii, mama yangu!" Akapiga magoti, kitambaa kipya kikaanguka sakafuni. "Niachie, nakufa!"

Kinyozi akamwachia, akamgeukia mke wake kwa ghadhabu. "Hata huyu umemfundisha kuigiza? Hata leo?"

"Nani anaigiza?" Mdogo mtu alikuwa amekaa sakafuni anapuliza vidole vyake, na vidole vyenyewe vilikuwa vyekundu, vimebanana kama vimebanwa na mlango. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila aibu. "Kaka, umenivunja!"

Kinyozi akautazama mkono wake wa kulia. Akaufunga. Akaufungua. Akaushika mkono wa kiti, ule wa chuma, akaubana mpaka mishipa ikamsimama, akauachia. Kisha akamtazama mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni amejishika mdomo.

"Kwa hiyo ulisema kweli," alisema.

"Nilisema kweli."

Kinyozi alivuta kiti, akakizungusha, akakikung'uta. "Kaa," alimwambia mdogo wake.

"Kaka, mimi nilinyoa jana."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Kinyozi akamlaza kichwa, akampaka povu, akafungua wembe. Na hapo Mama Pasi akaacha kupumua, kwa sababu nguvu ni jambo moja na utulivu ni jambo jingine, na hakuna boraksi ya utulivu. Kusema kweli shemeji naye hakuwa akipumua. Ameitumbulia dari macho, vidole vyake vyenye maumivu vimeng'ang'ania kiti alichokitaka, na koo lake likipanda na kushuka mbele ya mtu aliyekaribia kumnyang'anya kazi. Wembe ukagusa shavu. Ukatetemeka. Kinyozi akauinua, akavuta pumzi, akaurudisha kwa pembe nyingine, taratibu, bila kukurupuka, na ile sauti yake ndogo ya kukwaruza ikasikika, ikashuka shavuni, ikapita kidevu, ikaingia shingoni. Kiti hakikulia. Mtu hakutoka damu hata tone.

Mdogo mtu aliinuka, akajipapasa shavu, akajitazama kwenye kioo alichokileta mwenyewe. "Mimi hii siwezi, kaka," alisema kwa sauti ya chini. Akaokota kitambaa chake sakafuni, akachukua mashine yake, akaihamishia kwenye stuli ya dirishani, na akaanza kuikunja waya kwa mkono wa kushoto.

Kinyozi alifuta wembe. Alikuwa na hasira, na Mama Pasi aliiona inakuja.

"Ulinitesa," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikaa nikajiona maiti. Nilikuwa naminya huku naomba kufa. Wewe upo, unapiga pasi, unaimba!"

"Ndiyo, mume wangu. Nisamehe. Hilo la kuimba hasa unisamehe."

"Ungeniambia!"

"Ungepatana."

Kinyozi alikuwa mtu mwaminifu, na hili hakuweza kulikana. Alitembea hadi dirishani, akarudi, akafunga na kufungua mkono wake kama mtu anayeufahamu kwa mara ya kwanza. Midomo ikaanza kumcheza, haikujulikana kama atalia au atafanya nini.

"Muda wote huu," alisema mwishowe, "nilidhani nashindana na mkono wangu. Kumbe nilikuwa nashindana na wewe!"

"Na leo umenishinda," alisema Mama Pasi, machozi yakimtoka na kicheko kikimponyoka kwa pamoja. "Mara ya kwanza tangu unioe."